Tone la Heliamu, Nyegezi

Umeme umerudi saa nane usiku.
Feni inakohoa, kompyuta inaamka,
na tone langu limo mlemle nilimoliacha:
atomu elfu kumi za heliamu,
baridi ambayo mbele yake
barafu ya sangara pale Kirumba ni moto.
Zimeshikana kwa haya tu,
kama wageni waliopewa mkeka mmoja.

Mwanza hii hakuna leza ya namna hiyo.
Ipo ya betri mbili, ya kuonyeshea ubaoni,
Mwalimu Lutego humchezea nayo paka wa kantini.
Yangu naiandika kwa hesabu:
mwanga uliobanwa katika kipande cha muda
ambacho kope haijaanza hata kushuka
yote yamekwisha.

Heliamu ni bahili.
Hakuna gesi inayozing'ang'ania elektroni zake kama yeye.
Mpige kwa mwanga wa kadiri, atakutazama.
Ndiyo maana nimemtia mgeni tumboni,
zenoni, atomu kumi na tano.
Zenoni hajui kukataa.
Mwanga unauinamisha ukuta wake
upande huu, upande ule,
hadi elektroni ya kwanza inapenya
(haivunji kitu, inapenya)
na haifiki mbali.
Waliobaki wamekuwa chanya, wanaivuta nyuma.
Imemtoka mama yake,
haijaitoka nyumba.

Sasa inayumba na mwanga, kwenda na kurudi,
inawagonga majirani.
Moja inazaa mbili, mbili nne,
na bahili, ambaye hakuna aliyemgusa,
anafilisika kabla ya kujua ameingiliwa.

Mmeliona wingu la usubi likisimama ziwani,
mbali, upande wa Ukerewe,
kama moshi wa meli isiyokuwepo?
Linayumba zima. Hakuna mdudu anayeyumba peke yake.
Ndivyo zinavyoyumba.
Na tone, kwa joto hilo, linatanuka,
linapungua uzito wa msongamano,
mpaka mwendo wake unakutana na mwendo wa mwanga
kama michi miwili katika kinu kimoja
iliyokuwa ikigongana, ghafla ikapatana.
Hapo ndipo linapokunywa.
Linakunywa mwanga mpaka elektroni za juu
zinaruka zisirudi.

Zilizobaki ni ioni, zote chanya,
na wa kukaa katikati yao hayupo.

Jumamosi dada yangu Nyanzobe alikuja kutoka Igombe
na debe la dagaa, mchanga umo bado.
Akaangalia kioo cha kompyuta, nukta zikitawanyika.
"Zinakwenda wapi?"
Pande zote, nikamwambia.
"Zimegombana?"
Hapana. Zinafanana mno. Aliyezituliza ameondoka.
Akachambua dagaa kitambo.
"Basi ni sisi," akasema,
"tangu tumzike mama."

Nilikasirika. Nilimwambia fizikia si matanga,
kwamba ioni haina shamba la kugombea
wala bati za nyumba ya Misungwi,
kwamba Masalu yuko Geita kwa sababu ya kazi,
na Ndaki, Ndaki hapokei simu ya mtu yeyote.
Nikasema mengi.
Yeye akaosha mikono, akaondoka kabla ya giza,
akaniachia dagaa waliochambuliwa
na rundo dogo la mchanga kwenye gazeti.

Sikumwambia la mwisho, maana sikuwa na hakika nalo:
kwamba katikati kabisa, mlipuko ukishapita,
zipo elektroni zilizochoka, za mwendo wa pole,
ambazo ioni huzipokea tena.
Si zote. Si nyingi.
Vikikutana vinatoa mwanga kidogo,
nao huo hupimika.

Saa tisa na robo. Ziwa halisikiki kutoka hapa,
mbwa wa bwenini tu.
Nimefuta kumi na tano, nimeandika tatu.
Nataka kujua ni wageni wangapi
ambao tone lingewavumilia likabaki tone.
Nabonyeza. Feni inakohoa.
Umeme, tafadhali, hadi asubuhi.